Bastola Ipi Hudumu Zaidi?



Mwenye kibali cha kumiliki bastola huingia dukani na swali moja: ipi itadumu? Mara nyingi huwekewa mezani ile iliyo nzito kuliko zote. Uzito si ushahidi.

Tuanze na chuma. Colt M1911, yenye fremu ya chuma, ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 na ikabaki bastola yake rasmi hadi mwaka 1985. Chuma huvumilia misukosuko ya miaka mingi. Adui yake ni kutu, na mkazi wa pwani anaijua chumvi ya hewani.

Iliyoirithi ni Beretta yenye fremu ya aloi ya alumini. Ni nyepesi, na fremu yake haishiki kutu kama ya chuma. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 baadhi ya bastola hizo zilivunjika slaidi, yaani kile kipande cha juu kirudicho nyuma kila risasi itokapo. Na slaidi hizo zilikuwa za chuma.

Glock 17 ilichaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Wapo walioidharau kwa kuwa fremu yake ni ya plastiki. Plastiki haishiki kutu, na reli ambamo slaidi huteleza ni za chuma.

Rivolva, kwa upande wake, haina slaidi. Lakini silinda yake isipolingana sawasawa na mtutu, ni hatari kwa mpigaji mwenyewe.

Basi jina la malighafi halitoshi. Kinachochoka mapema ni springi, na hiyo hubadilishwa. Kabla ya kununua bastola iliyotumika, ulizeni: imepiga risasi ngapi? Springi ilibadilishwa lini? Vipuri vinapatikana nchini? Kisha fundi wa silaha mwenye leseni aikague fremu na slaidi kama zina nyufa, na mtutu kama una kutu.

Msione ukaguzi huo kuwa gharama ya ziada. Bastola ambayo sehemu zake za kuzuia nyundo zimelika yaweza kufyatuka yenyewe ikianguka sakafuni, na ndani ya nyumba risasi haichagui wa kumpata. Iliyochakaa kiasi hicho isinunuliwe, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.