Mkatoliki wa Jina



Mwenzangu mmoja, naye yumo humu ukumbini, amekuwa akifundisha kwamba Wakatoliki wetu wengi ni wa jina tu. Hawakomuniki, siku za kazi wako kwa nabii wakiombewa, na Kanisani wanabaki kwa kuogopa kuzikwa bila padri. Dini, asema, ni jambo la moyo. Moyo ukihama, mtu kahama.

Historia sitairudia. Misheni ya Bagamoyo ya 1868 mnaijua, na uamuzi wa maaskofu wa Afrika Mashariki (AMECEA) miaka ya 1970 kuhusu jumuiya ndogondogo za Kikristo mnaujua pia. Shida yangu ni huo moyo.

Twende Ujerumani, anakopenda kutolea mifano. Mkatoliki wa huko hutozwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato. Akichoka, huenda ofisi ya serikali akatangaza kujitoa. Mwaka 2022 walijitoa zaidi ya 520,000. Na kwa tamko la maaskofu wao la 2012, aliyejitoa hivyo hapokei sakramenti, hata akidai moyoni bado anaamini. Kumbe hata huko kinachomhamisha mtu ni karatasi!

Nami napenda karatasi. Hojaji zote za mwenzangu nazibadilisha kwa daftari moja la ubatizo: jalada gumu lililoliwa na mende, namba, majina ya wazazi, msimamizi, sahihi ya padri, kisha nafasi ya pembeni inayosubiri kipaimara na ndoa. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ndiyo inayoagiza maelezo hayo yaongezwe. Maisha mazima yanaandikwa kando ya mstari mmoja, kwa wino tofauti na mapadri tofauti. Nilipofuata cheti changu parokiani nilifunua pia ukurasa wa baba yangu mdogo, mzee anayejitangaza mpagani kila penye pombe. Pembeni, kipaimara kimejazwa. Nafasi ya ndoa i tupu. Nikamuuliza katibu kwa nini hawaipigi mstari, mzee mwenyewe kashapita miaka 70. “Hiyo tunaiacha, mwalimu. Anaweza kuja.”

Sasa mtazameni mama ambaye ndoa yake haijabarikiwa. Benchi zima linainuka kwenda kukomunika. Yeye anageuza magoti pembeni watu wapite, kisha anabaki peke yake na mikoba yao. Jumamosi alfajiri yuko jumuiyani, ndiye mweka hazina. Kwa hesabu ya mwenzangu, huyu ni wa jina.

Nakiri jumuiya huweza kuwa polisi. Nimekaa msibani viongozi wakigoma kwa kuwa marehemu “hakuwa anasali jumuiya” na michango alikuwa hajamaliza. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa, wakiwamo walioasi imani waziwazi. Mdaiwa wa michango hayumo. Hapo hofu anayoisema mwenzangu ni ya kweli, na ni aibu yetu.

Ila kutaka majirani hawa wa jumuiya, na si wengine, ndio wabebe jeneza lako, huko nako ni kuwa wa kwao. Hakuna aliyejiingiza Kanisani peke yake. Wengi tulibebwa tukilia. Asiyekubali aende parokiani kwake akaombe kufutwa daftarini, kisha aje anisimulie katibu alimjibu nini.