Vita vya Mezani na Kisiwa cha Midway



Kila mcheza bao ajua ya kwamba mwenye pupa ya kula kete za mwenziwe husahau kuilinda nyumba yake. Majemadari wa bahari nao wana mchezo wa namna hiyo. Ramani hutandazwa mezani, manowari huwekwa mfano wa kete, upande mmoja hushambulia na wa pili hulinda. Mwamuzi hutupa dadu ili ijulikane kama bomu limepiga au limekosa. Katika chuo cha wanamaji wa Marekani kilichoko Newport, mchezo huu ulianza kuchezwa katika miaka ya 1880.

Mwezi wa Mei, 1942, wakuu wa manowari za Japani walikutana ndani ya manowari Yamato ili kuujaribu mpango wao wa kukiteka kisiwa cha Midway, katika bahari ya Pasifiki. Walizitegemea manowari zichukuazo ndege. Tatu katika hizo, Akagi, Soryu na Hiryu, ndizo zilizoshambulia Ceylon mwezi wa Aprili mwaka huo, hata kundi la manowari za Kiingereza likahamia Kilindini, Mombasa.

Ashambuliaye kisiwa ana adui wawili: mmoja yuko nchi kavu mbele yake, wa pili yuko baharini, wala hajulikani alipo. Ndege zikienda kukipiga kisiwa, manowari zilizozituma hubaki na ulinzi haba. Tena mabomu ya kupigia nchi kavu hayafai sana kwa manowari, na kuyabadili huchukua wakati. Kwa hiyo mlinzi hupeleleza mbali, hujificha, na kuingoja saa hiyo.

Katika mchezo, ndege za Marekani kutoka Midway ziliwavamia Wajapani wakati ndege zao zilipokuwa mbali. Mwamuzi, Okumiya, alitupa dadu akapata mapigo 9: Akagi na Kaga zimezama. Amiri Ugaki, msimamizi wa mchezo, hakukubali. Aliamuru yahesabiwe mapigo 3 tu, Akagi ikapona. Kaga nayo, iliyokuwa imekwisha kuzama, ilirudishwa katika mchezo uliofuata. Okumiya mwenyewe alizieleza habari hizi baada ya vita.

Tarehe 4 Juni, 1942, vita vya kweli vilipiganwa. Wamarekani, ambao walikuwa wamefumbua maandishi ya siri ya Wajapani, walikuwa wakingoja kaskazini-mashariki ya Midway na manowari 3 zichukuazo ndege. Katika dakika chache Akagi, Kaga na Soryu zilishika moto, hali zimejaa ndege zenye petroli na silaha. Hiryu ilipigwa jioni. Zote 4 zilizama, na Wajapani wapatao 3,000 walikufa. Katika manowari za Marekani zichukuazo ndege, Yorktown peke yake ilipotea.

Dadu haikuwa imetabiri neno; ilionyesha tu mahali palipo wazi, na pahali pale pakafunikwa badala ya kuzibwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi mwenye kupanga shauri kubwa, liwe la vita, la shamba au la chama, yampasa amwache mwenziwe amshinde mezani, kisha autengeneze mpango wake kabla watu hawajatumwa kuutimiza.