Kutoka Kuosha Picha Hadi Kupewa Oscar

Chukueni kalamu na madaftari yenu. Somo letu la leo ni habari za Bwana Chuck Jones, mtengenezaji wa sinema za katuni.

Bwana huyu alizaliwa Marekani mwaka 1912. Baba yake alijaribu biashara nyingi, na kila alipoanza moja alinunua karatasi na penseli tele. Biashara ikifa, karatasi zile huwapa watoto. Basi hasara ya baba ikawa faida ya mtoto: akachora kila siku.

Alipomaliza chuo cha uchoraji, kazi yake ya kwanza katika katuni ilikuwa kuosha. Zamani katuni zilichorwa juu ya selulodi, kitu chembamba kama karatasi lakini chaonyesha kama kioo. Ikiisha kupigwa picha, selulodi huoshwa itumike tena. Bwana Jones hakudharau kazi hiyo. Alipanda kidogo kidogo, na mwaka 1938 akaongoza sinema yake ya kwanza.

Sasa tufanye hesabu. Katika sinema, picha 24 hupita kwa sekunde moja. Dakika ina sekunde 60. Zidisheni: ni picha 1,440. Na katuni ya dakika 6? Ni picha 8,640! Hata kama mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, kazi ni kubwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa Marekani hawakujua kusoma vizuri. Bwana Jones na wenzake wakawatengenezea katuni za askari mpumbavu, Snafu, apuuzaye maagizo na kupatwa na mabaya. Wakacheka, wakajifunza. Mwaka 1949 akaongoza katuni ya kufundisha afya, nayo ikapata tuzo ya Oscar. Katuni yake nyingine ya 1965 ikapata pia. Mwaka 1996 alipewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Alifariki mwaka 2002.

Ndugu zangu, najua wamo kati yenu wafichao daftari ndani ya kanga au koti, wasichekwe na watoto njiani. Msifiche. Aliyeosha michoro ya wenziwe ndiye aliyeheshimiwa baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

Zoezi: andikeni sentensi tatu juu ya kazi yenu ya kwanza. Kwaherini.