Kumfundisha Mbwa Mkaidi

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja baada ya chakula cha mchana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani.)



Waliotangulia wamesema juu ya paa la bwalo na michango ya kisima. Mimi nimeombwa niseme juu ya nidhamu, kwa kuwa wenzangu wa rika langu wanakumbuka kwamba mwaka 1974 nilikuwa kiranja wa bweni, tena kiranja aliyeogopwa. Nitasema juu ya nidhamu, lakini mniwie radhi, nitaanzia kwa mbwa.

Tangu nistaafu ninaishi Manyamanyama, hapo Bunda. Kwetu Mara mbwa ni mlinzi na mchungaji. Hulala nje, hula makombo, na hakuna anayeuliza amekwenda haja wapi. Basi mwaka juzi, mwezi wa Februari, binti yangu alihamishwa kikazi kutoka Arusha, akaniletea mjukuu mmoja na mbwa mmoja wa miezi mitano. Akaniambia, "Baba, huyu amezoea kulala ndani. Ukimlaza nje fisi watamchukua."

Nilipomtazama mbwa mwenyewe nilicheka. Mwili mrefu kama mkungu wa ndizi, miguu mifupi, tumbo karibu liguse ardhi. Mjukuu wangu alimwita Kifupi. Ni mbwa wa aina ya Dachshund, na kwa Kijerumani jina hilo linatokana na mnyama mmoja wa ukoo wa nyegere. Wajerumani walimfuga ili aingie katika mashimo ya mnyama huyo na kupambana naye gizani, mahali ambapo bwana wake hamwoni wala hawezi kumwamuru. Kwa hiyo walichagua kizazi baada ya kizazi mbwa wa kujiamulia mwenyewe. Ukaidi wake si utovu wa adabu. Ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba Kifupi alikuwa akikojoa sebuleni kwangu, juu ya zulia, asubuhi, mchana na jioni. Jirani yangu mmoja, Mwislamu, ambaye tumekunywa kahawa pamoja miaka mingi, aliacha kuingia ndani. Tukawa tunakaa mwembeni. Hakunilaumu, lakini alinikumbusha kwa upole kwamba ukizoea kucheza na mbwa ataingia nawe msikitini.

Nikaamua kumtia adabu kwa njia niliyoijua. Kila nilipokuta maji juu ya zulia nilimkamata, nikamsugua pua mahali pale, nikampiga kwa gazeti lililokunjwa. Siku ya nne zulia likawa kavu. Nikajisifu mbele ya mke wangu: "Unaona? Ameelewa." Jumapili yake mke wangu alisogeza kochi ili afagie. Nyuma ya kochi kulikuwa na ziwa, nusura tuweke mitumbwi. Mke wangu akaniuliza, "Ameelewa nini, mzee? Ameelewa kukukimbia wewe."

Mambo yakazidi kuharibika. Nilipomtoa nje hakukojoa kabisa, hata nikisimama naye nusu saa. Alinitazama tu kwa wasiwasi. Tukirudi ndani, nikigeuka kidogo, anakwenda nyuma ya kabati. Mwenzangu mmoja akanishauri nimpakie kwenye gari nikamwache njiani, karibu na lango la Ndabaka, Serengeti imalize kazi. Nusura nikubali.

Kwanza nikaenda kwa Bwana Mifugo, kwa kuwa mbwa alikuwa bado hajachanjwa kichaa cha mbwa. Nilipomdokezea habari ya Ndabaka alikasirika. Alinikumbusha kwamba mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, yaani thuluthi moja ya simba wote wa hifadhi, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Ndiyo maana ya kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. "Mbwa ukimtupa," alisema, "hujamaliza tatizo. Umempelekea mwingine."

Kisha akaniuliza swali moja: "Mzee, mbwa alikojoa saa ngapi, na wewe ulimchapa saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba nilimchapa nilipogundua. Pengine saa moja baadaye, pengine mbili.

Akanieleza hivi. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake yakifuatana papo hapo, ndani ya sekunde chache. Ukichelewa, yeye haoni kosa lake. Anachokiona ni kwamba bwana, maji na zulia vikikutana, kipigo hufuata. Tena ukimpiga mara nyingi atajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari mahali popote, hata nje. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilisimama nusu saa mwembeni bila faida.

Akanipa mfano wa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hawapigwi. Panya akifanya sawa husikia mlio mdogo wa "tk", na palepale hupata kipande cha ndizi au chakula kingine. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akagundua mabomu na zana za kulipuka zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la hisani la Uingereza. Kama panya anaweza kufundishwa hivyo, nikajiambia, Kifupi atashindwaje?

Nikaanza upya. Nitawaeleza nilivyofanya, maana huenda wako humu wenye mbwa kama huyo.

Kwanza nilinunua daftari. Kwa siku tatu sikumfundisha mbwa lolote, niliandika tu saa alizokula, alizolala na alizokojoa. Nikaona kwamba hafanyi ovyo. Alikojoa kila anapoamka, kila amalizapo kula, na baada ya kucheza na mjukuu. Mbwa mdogo ana kibofu kidogo. Nilikuwa nikimdai jambo ambalo mwili wake hauliwezi.

Pili, nikawa namtoa nje nyakati hizo kabla hajaomba, na usiku mara moja, sikuzote mahali pamoja chini ya mwembe. Nikatamka neno moja tu: "Haya." Akimaliza, palepale, kabla hajapiga hatua mbili, namtupia dagaa mmoja mkavu wa ziwani. Siku ya kwanza nilingoja nikiwa nimempa mgongo, ndipo akathubutu. Dagaa mmoja! Kwa thamani ya fungu moja nilipata kile ambacho magazeti ya mwezi mzima hayakunipa.

Tatu, ndani ya nyumba sikumwachia uhuru wote. Alikaa karibu nami, kamba imefungwa kwenye mguu wa kiti, au ndani ya sanduku lake lenye gunia. Mahali alipochafua nilisafisha kwa maji na siki, maana sabuni hutosheleza macho yetu lakini pua ya mbwa bado inasoma palepale. Akikosea sikusema kitu. Nilifuta, nikaandika daftarini kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Masika ilipoingia tulirudi nyuma. Majani yaliyolowa yalimgusa tumbo, akakataa katakata kutoka. Nikapigilia bati moja juu ya miti minne pale mwembeni, akapata pakavu pake. Majirani walicheka kwamba mzee amemjengea mbwa choo. Mwezi wa Juni zulia lilirudi sebuleni. Jirani yangu bado tunaonana mwembeni, kwa kuwa dini yake ni dini yake, lakini sasa tunakaa upande wa pili wa mti.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye nidhamu.

Usiku wa siku ile niliyotoka kwa Bwana Mifugo sikupata usingizi. Nilimkumbuka mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, mwaka ule wa 1974, aliyekuwa akikojoa kitandani. Mimi, kiranja wake, nilimwamuru abebe godoro lake kichwani asubuhi, apite nalo mbele ya paredi, shule nzima ikimtazama. Nilifanya hivyo mara nyingi. Baada ya wiki kadhaa godoro likawa kavu, nikaandika katika daftari la bweni: "Amepona."

Hakuwa amepona. Rafiki yake alinieleza baadaye kwamba alikuwa hanywi maji tangu saa kumi jioni, hata siku za mpira, na kwamba taa zikizimwa alishuka akalala juu ya sakafu ya saruji chini ya kitanda, ili godoro lisilowe. Kabla ya kengele alikuwa amekwisha piga deki. Nami niliposikia hayo nilicheka. Baada ya likizo hakurudi shuleni.

Leo twajua kwamba tatizo lile mara nyingi ni la ukoo na la usingizi mzito, wala si uvivu. Lakini hata wakati ule ningeweza kumwamsha saa sita za usiku, kimyakimya, nikamsindikiza mpaka chooni. Ingenigharimu dakika tano. Mbwa nimemwamkia usiku miezi minne.

Kwa hiyo, ninyi viranja wa leo, sina hotuba ndefu kwenu. Ukiona kosa limetoweka ghafla baada ya kumwaibisha mtu, usiandike "amepona". Sogeza kochi kwanza utazame nyuma yake.

Na kama ndugu yangu yule yupo hapa leo, au akisoma maneno haya gazetini mwetu, namwomba radhi mbele ya shule ileile iliyomtazama. Nyumba yangu iko Manyamanyama, na mlango u wazi.