Kuweka Dau Juu ya Kuanguka kwa Mtu

Neno letu la asubuhi hii latoka katika Mithali, mlango wa 24, mstari wa 17, ambapo mwenye hekima atukataza kufurahi adui yetu aangukapo. Angalieni, anasema habari za adui. Mimi leo nataka kusema habari za mtu asiye adui, mtu ambaye hata hajui kwamba tupo duniani.

Iko kamari moja iliyoingia vijijini kwetu kwa njia ya simu. Ile ya mpira wa miguu mwaijua. Hii ni ya gofu, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa mbali tu, pengine tukipita Muthaiga kule Nairobi, ambako mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yamechezwa mara nyingi. Katika gofu anayeshinda ni yule aliyetia mpira katika mashimo yote kwa mapigo machache kuliko wenzake. Wachezaji ni wengi, siku ni nne, na kumtabiri mshindi ni kazi ngumu. Basi kampuni ya kamari huchagua wawili tu, huwaweka uso kwa uso, kisha hukuuliza: Kati ya hawa, ni nani atakayemaliza mbele ya mwenzake? Huenda wale wawili hawachezi hata saa moja. Mmoja ameanza asubuhi, mwingine alasiri. Hawana habari kwamba wamegombanishwa.

Mtu huona ni jambo jepesi, kama kurusha sarafu. Haya, tuhesabu. Mmoja aweka shilingi 100 kwa huyu, mwingine 100 kwa yule. Tuseme kampuni imeahidi kumlipa atakayeshinda 185. Zile 15 ziko wapi? Zimebaki kwa kampuni, na kesho zitabaki tena, ashinde nani au nani. Mkulima wa miraa akikatwa hivyo na dalali, soko zima la Maua litamsikia!

Lakini si hesabu iliyonileta hapa. Kijana mmoja alinijia, mwana wa mjane anayechuma majani chai, naye amenipa ruhusa niwaambie. Mama yake alimpa karo ya mdogo wake ya muhula wa pili ailipe kwa simu. Ilikuwa Aprili, wakati wa mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, ambayo siku yake ya mwisho humalizika kwetu usiku wa manane. Alikesha mpaka saa nane, akitazama nambari tu. Akaniambia, "Mchungaji, nilikuwa naomba." Nikamwuliza, "Uliomba nini, mwanangu?" Akanyamaza kitambo. "Niliomba mpira wa yule mwingine uingie majini."

Karo ilikwenda. Mdogo wake alikaa nyumbani mpaka mama alipouza mbuzi wawili. Lakini mimi nililofikiri zaidi ni ile sala.

Maana katika uwanja uo huo wa Augusta, tarehe 14 Aprili 1996, Greg Norman wa Australia aliianza siku ya mwisho akimtangulia Nick Faldo wa Uingereza kwa mapigo sita. Hao walicheza pamoja, wakitembea njia moja. Norman akaanza kuharibikiwa, mpira wake ukaingia majini, mambo yakazidi kuwa mabaya. Alimaliza siku kwa mapigo 78, Faldo kwa 67, na Faldo akashinda kwa matano. Twasema aliye juu mngojee chini. Siku ile dunia ilimwona akishuka. Lakini Faldo, ambaye faida yote ilikuwa yake, alimkumbatia Norman pale pale kwenye shimo la mwisho.

Mshindani mwenyewe aliweza kumhurumia mwenziwe. Mwenye dau hawezi, maana fedha yake imefungwa katika hasara ya yule mtu. Paulo awaagiza Warumi, katika mlango wa 12, walie pamoja nao waliao. Huyu amejitoa katika agizo hilo kwa shilingi mia. Nanyi mwaijua tabia hii, haikungoja simu: jirani ng'ombe wake akifa, kuna mtu pale boma la pili ambaye usiku ule hulala vizuri.

Wazazi, mkimkuta kijana amekesha na simu, fimbo haitasaidia. Mwulizeni kama nilivyomwuliza yule: ulikuwa ukiomba nini? Yeye sasa anaendesha bodaboda, na kila jioni humpa mama yake shilingi 50. Bado zimebaki nyingi.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke waliokesha usiku huu, na mama ambaye bado hajaambiwa karo iko wapi. Umpe mwanawe ujasiri wa kumwambia leo, kabla ya jua kuchwa. Amina.