Plagi za Injini Iliyoongezwa Nguvu

Plagi ina kazi mbili. Ya kwanza yajulikana na wote: kutoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Ya pili husahauliwa, nayo ni kuondoa joto katika ncha yake na kulipeleka kwenye kichwa cha injini. Kwa ajili ya kazi hii ya pili, motokaa iliyotiwa turbo baada ya kutoka kiwandani haifai kuachiwa plagi zake za kwanza.

Ncha ikiwa chini ya digrii 450 hivi za sentigredi, masizi hayaungui. Hushikamana na kauri, na cheche hupotea. Ikizidi digrii 850 hivi, ncha yenyewe huwa kama kaa la moto, ikawasha petroli kabla ya wakati wake. Hapo pistoni ingali inapanda, nayo hukutana na moto njiani. Muda mfupi watosha kuitoboa. Ndivyo kitu kinachoenea kiganjani kiwezavyo kuharibu injini nzima.

Basi ziko plagi moto na plagi baridi. Tofauti yao si ukali wa cheche, bali ni urefu wa ncha ya kauri iliyo ndani: ndefu hukawia kupitisha joto, fupi hulipitisha upesi. Injini yenye turbo hutaka plagi baridi zaidi. Anzeni kwa daraja moja. Msiruke madaraja matatu, kwa maana plagi baridi mno hujaa masizi katika mwendo wa polepole. Tena jihadharini na namba. Kwa plagi za NGK namba kubwa ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion namba kubwa ni moto zaidi. Asiyejua hayo hununua kinyume cha alichotaka.

Sasa nafasi ya cheche. Turbo hushindilia hewa, na cheche huona taabu kuruka katika hewa iliyoshindiliwa. Nafasi ikibaki milimita 1.1, yaweza kuzimika gari lipandapo mlima, injini ikakohoa. Punguzeni kidogo kidogo. Wengi huishia milimita 0.8 au 0.7. Lakini nafasi ndogo mno huwasha vibaya injini inapozunguka polepole.

Pimeni kila plagi, hata iliyo mpya. Pindeni mkono wa pembeni tu. Ncha ya kati msiiguse, hasa ile ya iridiamu, kwani ni nyembamba na huvunjika.

Baada ya safari, ngojeni injini ipoe, mzitoe plagi na kuzitazama. Kauri ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi na kavu yaonyesha plagi baridi mno au petroli nyingi. Nyeupe yenye malengelenge ni onyo la joto kali: msiliendeshe gari kwa nguvu mpaka sababu ijulikane.