Ukuta Usio na Pembe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa waliosoma shuleni)



Nimeombwa nieleze kwa nini ghala la zamani limesafishwa, na yale makasha yaliyofunikwa turubai chini ya mwembe yana kitu gani. Nimesikia wanafunzi wa kidato cha kwanza wakisema ni mashua. Si mashua. Ni ukuta uliokuja vipande vipande, na kabla hatujaondoka hapa leo inatupasa tuamue nani atauunganisha.

Mwalimu wa taaluma alinifungulia faili za wanafunzi waliomaliza kidato cha nne. Kila faili ina nafasi ya picha, na katika nyingi nafasi hiyo ni tupu. Picha hupigwa mjini, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malipo ya mpiga picha si kitu kidogo kwa mzazi wa kijijini. Kijana anakaa hapa miaka minne, anaondoka, na shule haibaki na sura yake. Kwa ajili hiyo chama chetu kilichanga fedha za kamera, taa na chumba cha kupigia picha.

Sasa, mtu atauliza: ukuta si upo? Upo, lakini una pembe. Pale ukuta unapokutana na sakafu, nuru huangukia pande mbili zilizoelekea kwingine na kwingine, kwa hiyo upande mmoja huonekana mweupe zaidi na mstari hutokea katikati. Kamera hauuachi mstari huo. Ukiweka mahali pa pembe uso uliopinda kama robo ya duara, mwangaza hubadilika kidogo kidogo na jicho halioni mwanzo wala mwisho wa ukuta. Mtu huonekana kama amesimama katika weupe mtupu. Ukuta wa namna hii huitwa saiklorama, neno lililotoka kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya duara na mandhari. Zamani lilikuwa jina la michoro mikubwa iliyomzunguka mtazamaji pande zote. Mmoja wa Mfaransa Paul Philippoteaux, wa miaka ya 1880, bado unaonyeshwa Gettysburg, Marekani. Kwetu pwani wapiga picha walikuwa na njia yao: pazia lililochorwa ngazi, maua au ndege, likateremshwa mpaka chini ya miguu. Pazia lile nalo liliificha pembe.

Vipande vyetu ni vya faibaglasi. Kila kimoja kina upana wa mita 1.2 na mpindo wenye nusu kipenyo cha sentimita 90. Ukitaka kujua urefu wa mpindo wenyewe, wanafunzi wa hisabati watawaambia ni kama sentimita 141. Seremala yeyote mzuri angeweza kukunja plaiwudi nyembamba akapata mpindo huo. Shida iko pale kuta mbili zinapokutana na sakafu, kwa sababu plaiwudi hukubali kupinda upande mmoja, haikubali kupinda pande mbili kwa pamoja. Pale panahitajika sehemu moja ya nane ya tufe. Kipande hicho kimetolewa katika kalibu kiwandani, na ndicho kilichotufanya tununue badala ya kujenga wenyewe.

Kwa hiyo kazi huanzia hapo hapo penye pembe. Anayeanzia mwishoni akielekea pembeni, akikosea milimita 3 katika kila kiungo, baada ya viungo vitano amepungukiwa au amezidi milimita 15, na kipande cha pembe hakiingii. Kabla ya hapo fremu za mbao zisimamishwe mbele ya kuta, na tupime kama zinakutana kwa pembe mraba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya mshazari isome mita 5 kamili. Ndipo kipande cha pembe kiwekwe, kisha vitatu upande wa ukuta mrefu na viwili upande wa ukuta mfupi. Tutapata mita 4.5 na mita 3.3. Bolti zikazwe kwa mkono tu kwanza. Pima maji iwekwe juu ya kila kipande, na penye bonde sakafuni ipigwe kabari nyembamba. Vyote vikiwa sawa, ndipo spana ipite.

Fremu zisigusane na ukuta wa ghala. Ukuta ule hutoa jasho wakati wa masika. Niliwahi kuona studio moja, sitaitaja, ambayo fremu yake ilipigwa misumari moja kwa moja kwenye ukuta wenye unyevu. Mbao zilivimba, na kila kiungo kikafunguka ufa. Tuache sentimita 5 nyuma, hewa ipite.

Viungo huzibwa kwa utepe wa wavu na puti, kisha msasa, kisha puti tena. Msihukumu kazi hiyo mchana. Ngojeni usiku, mzime taa zote, mlaze tochi karibu na ukuta ili nuru yake ipite ikiuparaza. Kila kinundu kitatoa kivuli. Rangi iwe nyeupe isiyong'aa, maana inayong'aa hurudisha taa machoni mwa kamera.

Wapiga picha vijana, weupe huo una hila. Kipimo cha nuru ndani ya kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi hupunguza nuru, na uso wa mwenzenu mweusi hutoka giza tupu. Pimeni usoni, si ukutani. Tusije tukajaza faili zile kwa vivuli.

Limebaki suala la fundi. Kuna mkandarasi aliye tayari kuufunga kwa siku mbili, nasi turudi kuukuta mweupe. Wanakamati wenzangu wengine wanampendelea, na hoja yao kwamba wanafunzi wana mitihani ni ya kweli. Mimi nasimama upande wa pili. Ukuta huu utakanyagwa, utapasuka kwenye viungo, na sakafu yake itataka rangi mara kwa mara. Mkandarasi hatakuwapo. Seremala wa shule yupo, na wanafunzi wa kidato cha pili watakuwapo miaka miwili zaidi. Fedha tutakazookoa zitanunua taa ya tatu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba jambo hili lipigiwe kura sasa. Likipita, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa ghalani na kamba yangu ya mita 5. Watakaokuja waje peku au na soksi safi.